Nilitaka Maoni ya Logo, Nikaletewa Matanga

Mama Nasike wa redio,

Salamu nyingi kutoka Kaloleni, na kama uko na kikombe cha chai mkononi weka chini kwanza usije ukajimwagia, naomba unisaidie kwa sababu nimempoteza rafiki yangu Ooko mara ya pili, na safari hii hakuna mtu amekufa ila mimi.

Mimi ni Omolo, fundi wa masanduku ya bati, yale watoto wanaenda nayo shule ya kulala, na ukiuliza kutoka Shauri Moyo mpaka Makongeni utaambiwa mkono kama wangu haujazaliwa. Kuna sanduku langu moja lilianguka kutoka juu ya basi ya Kisumu, likabingirika mpaka kwa mtaro, kufunguliwa hivi, mayai yalikuwa ndani mazima kama vile kuku ametoka saa hiyo. (Mimi Mama Vivian ndiye ninaandika. Mayai yalikuwa mawili na moja lilipasuka.) Usimsikize, yeye ni kalamu tu, mimi shule niliiona kwa dirisha nikipita na karanga za kuuza, ndio maana nasema na yeye anaandika, lakini miaka sabini nimetembea hii dunia na vitu nimeona, hata wewe Mama Nasike ukiambiwa utaomba kiti.

Sasa hii maneno ya logo ilianza hivi. Mwaka huu nimetimiza miaka hamsini tangu nishike nyundo, na hapo kando yangu wamekuja vijana wanauza mabegi ya magurudumu, kila begi iko na alama yake, hii chui, ile mlima, na mteja akija anauliza "hii ni ya kampuni gani," nikaona mimi mzee mzima nimetengenezea masanduku madaktari, marubani na wabunge wawili, na sanduku langu halina hata jina. Nikaenda kwa Irungu, huyo ana duka la kuchapisha makaratasi hapo karibu na hall ya mtaa, nikamwambia Irungu, nataka logo.

"Mzee," akasema, "siku hizi hata mama wa kuuza soseji za smokie ana logo. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja ukue."

Akacheka, akawasha kompyuta. "Unataka ikae aje?"

Nikamwambia weka uso wangu, na sio huu wa sasa, huu umetumika, nikampatia picha niliyopiga nikiwa na miaka thelathini, nywele imesimama, macho yanaita watu. Chini ya uso weka kona, kona ya sanduku langu, vile bati inakunjwa mara mbili halafu inarudi ndani ndio maji isiingie na mtoto asijikate kidole, hiyo kona ndiyo ilinipa jina, mtaa mzima wananiita Omolo Kona. Halafu andika 1975 na 2025, watu wajue ni miaka hamsini. Na chini kabisa andika KAZI YAKE ITADUMU. Irungu akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kumbe kompyuta yake ilikuwa na fremu tayari, nikaona uso wangu umekaa ndani ya duara, maua huku na maua huku, utepe wa zambarau juu, njiwa wawili wameruka.

"Maua yakae?" akaniuliza.

"Yakae. Kwani mimi ni nani nisiwekewe maua?"

"Na njiwa?"

"Wacha njiwa. Wametulia."

Najua utauliza, Mama Nasike, nyinyi wawili hamkuona? Irungu kazi yake kubwa ni programu za mazishi, kila wiki anazichapa mpaka mashine inapata joto, na muuza omena hasikii harufu ya samaki. Na mimi matanga huenda kula na kuongea, hizo karatasi zao huwa napangusia mikono.

Irungu akaniambia logo haitoki hivi hivi, lazima kwanza uwape watu waitazame waseme maoni, hiyo inaitwa fidibaki. Tukakubaliana achapishe makaratasi makubwa abandike kwa ukuta wa hall, kwa duka la Hashi, na kwa mlango wa kibanda changu kilicho mbele ya nyumba, na chini aweke nambari yangu ya simu. Mimi na Mama Vivian asubuhi ile ya kubandika tukafunga nyumba, tukafunga kibanda, tukaenda Kayole kwa msichana wetu Vivian, tukakaa siku tatu. Sasa wewe fikiria uko Kaloleni, unapita kibanda cha Omolo kimefungwa, nyumba imefungwa, na mlangoni kuna uso wangu na maua na njiwa na miaka miwili yenye mstari katikati. Hashi aliniambia baadaye watu walikuwa wanasimama mbele ya duka lake wanapiga hesabu, "Kumbe alikuwa na hamsini tu? Basi hiyo bati ilimkula sana."

Mimi huko Kayole nilikuwa najua nini? Simu ya Mama Vivian ilikuwa kwa fundi, na majirani hawakupiga yangu, walisema tusisumbue familia. Aliyepiga wa kwanza ni mteja mmoja wa mtaa wa Baba Dogo.

"Hallo, hapo ni kwa Omolo Kona?"

"Ni hapa hapa."

"Nimeona ile karatasi."

"Ehe, umeionaje?"

"Mzee wangu, nimekosa hata maneno."

"Wengi wamekosa," nikamwambia. "Na picha?"

"Picha ni nzuri. Alikuwa bado kijana."

"Maua hayajazidi?"

"Maua hayawezi kuzidi. Huyo mtu alistahili maua."

Nikakata simu nikamwambia Mama Vivian, hawa watu wa Baba Dogo wana macho. Hilo "alikuwa" nililisikia, lakini nikafikiri Kiswahili cha Baba Dogo ndivyo kilivyo. (Nilimwambia kuna kitu hapo. Akaniambia nina wivu na logo.) Wakapiga wengine sita, kila mmoja sauti imeshuka, kila mmoja ananisifu, na mimi nawauliza kama rangi imekaa vizuri, na wao wananijibu Mungu atatusaidia. Mama Nasike, hiyo ndiyo fidibaki tamu nimewahi kupata.

Siku ya tatu, Alhamisi, saa tisa hivi mchana, tukarudi. Tukapitia njia ya nyuma, nikaona viti vya hall vimepangwa kwangu, akina mama wanapika wali kwa sufuria ya kanisa, watu wamejaa mpaka barabarani. Nikajiambia, wamenifanyia sherehe ya miaka hamsini! Nikaanza kuingiza shati ndani ya suruali. Ndipo nikasikia mwanaume analia, na sauti nikaijua kabla sijamwona mtu. Ilikuwa Ooko.

Huyu Ooko lazima nikuelezee. Tulianza kazi siku moja, kibanda kimoja, miaka thelathini na tisa tukigongana viwiko. Siku moja nilianguka kutoka juu ya paa, mguu ukageuka ukatazama nyuma, ni Ooko alinibeba mgongoni mpaka hospitali, na njiani kote nilikuwa namtukana anatembea kama punda wa Gikomba. Tukakosana miaka kumi na moja iliyopita. Mwalimu mkuu mmoja alikuja kutafuta masanduku ya shule nzima, akachukua moja, akaligeuza, akapitisha kidole kwa kona, akauliza, "Nani alitunga hii?" Ooko alikuwa amesimama hapo na bati mkononi. Nikasema, "Mimi." Ooko akanitazama, akangoja nicheke, si anajua mimi ni mtu wa mizaha, akangoja niseme natania. Sikusema. Akaweka bati chini, akachukua nyundo yake, akaenda zake Baba Dogo, na tangu hiyo siku tukikutana kwa barabara anavuka ng'ambo.

Mama Nasike, kona ni ya Ooko. Haya, nimesema. Aliikunja mara ya kwanza mwaka wa 1983, mvua inanyesha, na mimi nilimwambia anaharibu bati. (Miaka arobaini na miwili nimeishi na huyu mtu na leo ndiyo nasikia. Nimeweka kalamu chini kidogo, nikanywa maji.)

Sasa sisi Waluo mtu akifa hatumwendei tukinong'ona. Unaingia boma ukikimbia unalia, unaongea na marehemu mwenyewe kwa jina, unamwambia kila kitu mbele ya watu. Yule mteja wa Baba Dogo alikuwa amempelekea Ooko habari, na Ooko amekuja, mzee wa miaka sabini na moja, anakimbia kutoka mlango mpaka barabara, kutoka barabara mpaka mlango, kofia imeanguka.

"Omolo! Omolo, umeenda bila kunitukana! Nani ataniita punda sasa? Nilipita hapa mwezi wa tano nikaona umekonda, nikasema nitamsalimia siku nyingine! Nani aliniambia kuna siku nyingine?"

Mimi niko nyuma ya ua wa mabati, machozi yananitoka, Mama Vivian ananivuta shati, "Toka! Toka uonekane!" Na nilikuwa nataka kutoka, naapa, mguu mmoja ulikuwa umeshatoka. Halafu Ooko akasimama mbele ya mlango wa kibanda, akaangalia ile logo na ile kona iko chini ya uso wangu.

"Na hii kona, Omolo. Nimeibeba moyoni miaka kumi na moja kama jiwe. Leo nakupa. Nyinyi wote mnasikia? Kona ni ya Omolo. Aende nayo. Mimi sitaki tena."

Nikarudisha mguu. Huo ndio ukweli. Nilirudisha mguu ndio amalize, ndio kila mtu asikie vizuri.

Alipomaliza nikatoka. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno yoyote duniani, Mama Nasike, na maneno niliyosema ni haya: "Asante, Ooko, nimepokea!"

Watu walipiga nduru, mama mmoja akapanda juu ya meza, wali ukamwagika, Hashi akasoma dua yote kwa pumzi moja. Halafu wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ooko peke yake hakucheka. Akaniangalia, akaangalia logo, akaniangalia.

"Omolo," akasema, polepole, "hata hii ulipanga?"

Sikupanga. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na nikifikiria kusema kwamba mimi, Omolo, nilijitengenezea tangazo la kifo kwa mkono wangu mwenyewe na njiwa nikawakubali, nikaona nitachekwa mpaka kaburini. Nikasema, "Si unanijua!"

Akaokota kofia yake akaenda. Hakupangusa hata vumbi.

Nimepiga simu, hachukui. Nimemtuma Hashi mara mbili, mara ya pili akarudi na jibu: "Mwambie maiti hawapigi simu." Nimemwambia Irungu aende aeleze ni makosa ya kompyuta, Irungu anasema yeye alifanya nilivyomwambia.

Na kuna jambo lingine linanivuta huku. Hiyo logo imekuwa maarufu kuliko mimi. Watu wanakuja kutoka Umoja, kutoka Dandora, wanaomba "sanduku la marehemu," wanataka liwe na ile karatasi juu ya kifuniko, na Januari watoto wa form one wanaenda shule, sijawahi kuona maombi kama haya tangu nizaliwe. Nikiibadilisha sasa, nimejiua mara ya pili. Nikiiacha, Ooko atakuwa anaiona kila mahali, uso wangu na kona yake. Nifanye nini na logo, na huyu mzee nimwambie nini? Nijibu haraka, umri wetu hautaki kungojwa.

Ni mimi,
Omolo Kona, Kaloleni.

(Na mimi Mama Vivian. Ukimjibu, usimpake mafuta.)

*

Mzee Omolo,

Nimecheka, sitakudanganya. Nimecheka mpaka fundi mitambo akaja kuuliza kama kuna shida. Ile karatasi uliyotuma nimeionyesha wenzangu hapa bila kusema neno, na mmoja akavua kofia. Basi hayo ndiyo maoni yetu kuhusu muundo.

Halafu nimeisoma barua yako mara ya pili, na kicheko kikaniishia pale uliporudisha mguu.

Nikuambie kwanza kitu kizuri, kwa sababu najua hutasikiliza la pili bila la kwanza. Katika hiyo barua yako umesema mambo mawili ambayo wazee wengi wa umri wako wanayaficha mpaka wanaoza nayo. Umesema kona si yako, na umesema ulisimama nyuma ya mabati ukingoja kupewa. Hakuna aliyekulazimisha. Mbele ya mama watoto ukasema, naye akaandika. Hapo nimekupa heshima.

Sasa kaa chini.

Umenitajia Irungu, umenitajia kompyuta, umenitajia fremu, mpaka Kiswahili cha Baba Dogo kimeingia kwa kesi. Neno samahani nimelitafuta kwa barua yote, sijaliona. Na Irungu mwache apumzike. Irungu alichapisha karatasi. Aliyesema "si unanijua" ni wewe, na Ooko alikujibu sawasawa kwa kuondoka: alikujua. Alikuja kukulilia kama mtu anayelilia ndugu, akakuacha umesimama hapo kama mtu aliyeshinda mchezo. Mzee wa miaka sabini na moja alikimbia mbele ya mtaa mzima bila kofia, halafu ukamfanya kichekesho ili wewe usiwe kichekesho. Unashangaa hachukui simu? Mimi ningetupa simu yenyewe.

Sikiliza utakavyofanya.

Leo, kabla hujanywa chai ya saa kumi, bandua hizo karatasi zote. Za hall, za Hashi, za kibanda, na zile umeshabandika kwenye vifuniko. Usiniambie habari ya Januari. Nimekusikia, mtu ametengeneza masanduku nusu karne bila sifa kubwa na sasa wateja wanatoka Dandora, naelewa tamu yake. Lakini wanakuja kwa sababu ya kichekesho, na kichekesho hicho kimejengwa juu ya machozi ya Ooko. Wakiuliza sanduku la marehemu liko wapi, waambie marehemu amefufuka na kazi ni ile ile. Atakayeondoka kwa sababu hakuna njiwa, mwache aondoke.

Jumamosi asubuhi nenda Baba Dogo. Usipige simu, usitume Hashi, usitangulize zawadi. Nenda na Mama Vivian, maana huyo anaonekana ni mtu wa kuaminika kuliko wewe na Ooko anajua hivyo. Mama Vivian, wewe usimsaidie kusema. Ukiona anaanza hadithi ya mayai, mkanyage mguu.

Ooko akitoka, atakutukana. Pokea. Amekuwa na miaka kumi na moja ya kutayarisha. Akimaliza, mwambie kwamba hukupanga, kwamba ulitengeneza tangazo la kifo chako mwenyewe kwa ujinga wako, ukapenda na maua. Mwambie ulidanganya kwamba umepanga kwa sababu uliogopa kuchekwa. Hili litakuuma kuliko lote, na ndilo anahitaji kusikia, kwa sababu sasa hivi anaamini alilia kwenye mtego. Mwambie halikuwa mtego. Mwambie ulilia pia, nyuma ya mabati. Halafu mwambie kona ni yake na kwamba umejua hivyo tangu ile mvua ya 1983. Mwambie samahani, kwa hilo neno lenyewe, usiliweke ndani ya mzaha. Kisha nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kama kumwambia jogoo asubuhi ngoja kidogo. Nyamaza hivyo hivyo. Yeye akicheka, mwache acheke peke yake kwanza.

Hapo bado hujamaliza. Ulichukua kona mbele ya mwalimu, ukapewa kona mbele ya mtaa. Huwezi kuirudisha chini ya maji, kwa siri, kwa mlango wa mtu huko Baba Dogo halafu Kaloleni waendelee kukuita Omolo Kona. Wale waliokula wali wako, waliokaa kwa viti vya hall wakisikia Ooko anakupa, waite tena. Chai na mandazi inatosha, huhitaji sufuria ya kanisa. Simama uwaambie kona aliitunga Ooko, wewe ulimwambia anaharibu bati, na baadaye ukasema ni yako. Watakucheka. Mzee, utachekwa vizuri sana. Nimekwambia mapema ili usije ukatafuta mzaha wa kujifichia.

Kuhusu logo mpya, weka uso wako ukitaka, na mimi ningeweka huu wa sasa, kwa sababu mteja akija na picha ya kijana mwenye nywele atakutafuta na asikupate. Mwaka mmoja unatosha, ule wa kuanza. Maua, utepe na ndege warudi kwa Irungu wakawafae wanaowahitaji. Kona usiweke. Kama siku moja Ooko atasema iwekwe, itakuwa ni kwa mdomo wake na kwa jina lake, na wewe usimwombe, usimdokeze, usimwonyeshe mchoro ukisema "unaonaje." Maoni uliyotafuta kwa kuta za mtaa mzima, mtu mmoja tu ndiye alikuwa na haki ya kuyatoa, na hukumuuliza.

Najua swali ambalo hukuandika. Je, akifunga mlango? Anaweza kufunga. Ana kila sababu. Ukifungiwa, usigonge mara ya pili. Rudi Kaloleni, weka chai, ita watu, na uwaambie maneno yale yale, hata kama Ooko hatakuwepo kuyasikia. Hiyo kona si bei ya kununulia msamaha. Ni ya Ooko akikusamehe, na ni ya Ooko asipokusamehe.

Jumamosi, saa tatu. Vaa shati safi, na uliingize ndani ya suruali ukiwa bado nyumbani.

Mama Nasike